Vitenge vya Korali

Kabla ya habari ya kanisa, niseme kwanza juu ya samaki. Mutanivumilia: shule niliacha nikiwa mudogo, na habari zangu zinaenda kama mbuzi aliyekata kamba.

Zamani, kabla ya hizi vita zote, nilikuwa ninapanda kamioni kwenda Vitshumbi kununua samaki. Siku moja mama mumoja aliniuzia kitunga kizima. Wale wa juu, macho yanang'aa, wanateleza mukononi. Tukirudi, tulipofika Rumangabo, jua lilikuwa kali na watu wakaanza kuniangalia vibaya. Nikaingiza mukono chini kabisa. Ukatoka na funza. «Papa, baba yetu, umebeba maiti ya nani?» mumoja akauliza. Kamioni yote ikacheka. Nilitapika. Ile harufu haijanitoka puani.

Basi, kanisa. Yetu ya Presbiteri ilikuwa ndogo. Tulianza familia chache tu, katika atelie ya seremala mumoja, tunaomba huku vumbi la mbao linatuingia shingoni. Halafu tukapata kiwanja pale volkano ilipita, hakuna udongo, ni majiwe meusi tu. Kila familia ikabeba majiwe yake na kujenga kipande chake cha ukuta. Changu kiko karibu na dirisha ya kushoto, kimepinda kidogo. Kengele ilikuwa jante, chuma ya gurudumu la kamioni, na mimi ndiye niliipiga kila siku ya Mungu, Jumapili. Pasta alikuja mara moja moja. Wenye kutawala ni wazee wa kanisa, tuliowachagua wenyewe kwa kuinua mikono.

Vita ikateremuka kutoka Rutshuru, wakimbizi wakajaa mujini. Wengine wakalala ndani ya kanisa. Chini ya kipande changu alilala bibi mumoja na binti yake aliyezalia njiani. Mutoto mwenyewe alikuwa anakohoa, na mvua haikupumuzika.

Wazee wakasema wakimbizi wananuka, walale inje chini ya bashi ya plastiki. Nikauliza: na ule mutoto? Muzee mukubwa akanijibu:

— Papa, hii ni nyumba ya Mungu, si maternite ya kuzalia.

— Na Yesu alizaliwa wapi, muzee? Ndani ya ofisi yako?

Watu wakacheka, bibi kuliko wote. Kwa kuona haya, muzee akaahidi mbele yetu wote: wengine watatoka, lakini mutoto, mama yake na bibi watalala ndani mpaka mvua iishe.

Kisha tukaambiwa wageni wanakuja, watu wa makanisa ya mbali, kuona namna tunatunza wakimbizi. Korali ya wamama, waimbaji wetu, ina vitenge vyake, bluu na musalaba mweupe, vya sikukuu tu. Siku ile wakawavalisha wakimbizi vile vitenge. Wakawapaka mafuta, wakawapanga mbele.

— Papa, angalia, nimekuwa bibi arusi! bibi akaniita.

Hata mutoto walimufunga ndani ya bluu, anakohoa juu ya musalaba.

Wageni wakapiga foto, wakatoa machozi, wakala kuku, wakaenda. Mulio wa gari yao haujapotea, wamama wa korali tayari wanavuta vitenge.

— Vua, mama, tutafua.

Pale pale inje, mbele ya wanaume, na matone yanaanza tena. Mutoto wakamufungua kama mutu anavyofungua mukate. Bibi akashika matiti yake kwa mikono miwili na hakucheka tena.

Muzee mukubwa alikuwa anafunga mulango na kufuli. Nikamukumbusha neno lake.

— Tumeshasugua chini, papa. Kesho ni Meza ya Bwana. Unataka tule juu ya mikojo?

Ndani, korali ilikuwa inajifunza nyimbo za kesho, sauti nzuri sana. Mate yakanijaa kinywani, kama siku ile ya Rumangabo. Nikatema.

Nikachukua mukeka wa bibi, nikaweka begani.

— Twende kwangu, mama. Ni padogo, lakini hapavuji.

Binti akafunika mutoto na koti yangu, tukatoka.

— Papa! muzee akaita nyuma. Na kesho nani atapiga kengele?

Tulikuwa tumeshafika kwenye barabara.