Mbuke, Aliyechimba Penye Nyasi

Jamani, nimeambiwa na watu watatu tofauti na bado nahisi nadanganywa. Mbuke ametutoka. Tumemzika juzi Sengerema, udongo nimeutupia kwa mkono wangu mwenyewe, na jana bado nimepiga namba yake kuhakikisha.

Ilikuwa presha. Alianguka nyumbani kwa mama yake akijiandaa kwenda kanisani. Nasema mapema kwa sababu naijua mitandao: hakuna mkono wa mtu hapo. Wasiwasi wangu uko kwingine.

Kwa msiomjua, Mbuke alikuwa mjiolojia, tumekaa naye ofisi moja hapa Mwanza miaka sita. Alishuku kila kitu. Akitokea sokoni, wauza samaki walianza kujitetea kabla hajauliza bei.

Sato wa juu hakumgusa. Alichomoa wa chini kabisa, akamfunua mashavu. "Wa juu amewekwa ili nimwone," aliniambia. "Mimi namtaka huyu aliyefichwa."

Kazi yetu ya mwisho ilikuwa ya mawe ya chokaa. Gesi hukaa kwenye vitundu vya mawe kama hayo, chini sana, ambako jicho halifiki. Kwa hiyo unatafuta mahali yalipojitokeza juu ya ardhi, unayapima tabaka kwa tabaka, halafu unatengeneza modeli kwenye kompyuta ya kukisia kule chini yanabadilikaje.

Mwanza yote ni mawe, lakini siyo hayo. Ikabidi twende Tanga. Jirani yake mmoja akasema, "Mnaacha mawe yote haya mnafuata mawe Tanga? Huyu ana mchumba huko." Mbuke alicheka wiki nzima.

Kule fildi alitembea na kachupa ka asidi. Anadondosha tone, jiwe likitoa povu, ni chokaa. Likitoa povu zuri sana, anadondosha la pili, eti haliamini.

Mimi nilipewa ukuta wa mwamba upande wa mashariki. Jua kali, njaa inauma. Mawe magumu yalitokeza kama ngazi, na kati ya ngazi na ngazi kulikuwa na nyasi na udongo. Kila penye nyasi niliandika "kama juu", yaani jiwe ni lilelile. Sehemu kumi na mbili. Wengi wa kazi hii tumewahi kufanya hivyo, na anayebisha mimi namshuku.

Modeli ikatoka safi! Jiwe moja zuri kutoka juu mpaka chini, gesi inapita bila kizuizi. Bosi akafurahi, mteja akafurahi, tukaletewa soda. Mbuke peke yake aliikodolea macho ile kompyuta mpaka soda yake ikaisha baridi.

"Deo, mawe hayana adabu kiasi hiki." Kisha akaniuliza lile swali lake. "Hapa penye nyasi, uliona au ulidhani?"

"Niliona," nikasema.

Alinitazama kama anavyomtazama sato. "Haya."

Alipochukua likizo, akarudi Tanga na jembe. Wenyeji wakamuuliza, "Dada, unalima mwambani? Unapanda nini?" Alinisimulia akicheka, na mimi nikacheka, ila changu kilikuwa kicheko cha mdomoni tu.

Siku zilimtosha kuchimba sehemu nne. Zote nne chini ya nyasi palikuwa na tabaka laini la udongo mzito, lililoziba kabisa. Mawe magumu yanajionyesha, yaliyo laini yanalika na kujificha. Sasa hebu fikiria mteja anatoboa kisima kirefu akiamini kwamba hakuna kitu kilichoziba.

Akaandika ukurasa mmoja wa tahadhari kwenye ripoti. Ripoti ya mwisho niliyoiona, ukurasa ule haumo. Jina lake limo, tena la kwanza, na sasa limeongezewa "kwa kumbukumbu". Inapelekwa Jumatatu.

Msibani bosi alinivuta pembeni. "Pole sana, Deo, ni pengo kubwa. Hivi lile daftari lake la kijani liko wapi?" Kaburi bichi kabisa! Nikasema sijui. Kuanzia hapo kila aliyenipa pole nilijiuliza anataka nini.

Daftari ninalo. Nilikwenda kumuaga mama yake, nikamwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Chukua hili. Mwenzio alikuwa anasema Deo ndiye anayeyaelewa."

Nimelisoma jana mara mbili. Zile sehemu nne ameandika kwa wino: "Nimechimba." Zilizobaki nane ameandika kwa penseli, kila moja: "Deo anasema aliona. Nimuulize tena."

Makosa ya wengine wote aliyazungushia wino mwekundu. La kwangu aliliacha kwenye penseli, ili lifutike siku nitakayosema kweli. Hapo nililia, jamani.

Kwa sababu nimemshuku bosi siku zote hizi, na nimesahau kikao kile cha kujadili ukurasa wake wa tahadhari. Bosi alimwambia Mbuke, "Wewe umechimba nne tu, Deo ameziona zote." Mbuke akanigeukia. Nikainamia simu yangu. Ukurasa ule ulitolewa kwa neno langu mimi.

Asubuhi hii nimewaandikia bosi na mteja barua moja, kila mmoja anaona nimemwambia nini mwenzake. Kurasa zote za daftari nimeziambatanisha. Kazi naweza kukosa, najua.

Mbuke, hukupata nafasi ya kuniuliza tena, basi nakujibu hapa mbele za watu. Sikuona. Nilidhani.

Sasa lala, dada yangu. Zile nane nitazichimba mimi, na jembe lako nimeshaliomba kwa mama.