Jani la Mama Kwenye Kishikwambi

Darasa la tatu ndio mwisho wangu, lakini nyumba ya matofali ya kuchoma hapa Inyonga nimeijenga mwenyewe, kwa tumbaku. Sikumwomba mtu.

Binti wa chuo kikuu alikuja viatu vimeachama. Alinifungulia kishikwambi: picha ya mmea mkavu uliobandikwa kwenye karatasi, mizizi na yote, umehifadhiwa kwenye makumbusho Ulaya. Nilishtuka kama mtu aliyeonyeshwa maiti ya nduguye. Mama yangu alikuwa akiwachemshia mizizi ile wanawake wanaotokwa damu baada ya kujifungua.

"Babu, kumbukumbu zinasema mmea huu uko kwenye kilima cha ng'ambo ya mto. Nimezunguka siku tatu, sijauona hata mmoja."

Nikacheka. "Hutauona. Baba yangu alimpiga chenga yule mzungu aliyekuja kukusanya mimea nikiwa mtoto."

Kwetu mahali pa dawa haonyeshwi mgeni. Dawa huishiwa nguvu. Baba aliuchimba alfajiri, mimi nyuma yake, kisha akampelekea mzungu na kumtajia kilima kingine. Mzungu akaandika. Uongo wa baba ukakaa makabatini miaka yote, sasa umeingia kwenye kompyuta.

"Basi nipeleke kwenyewe," binti akasema.

Kicheko kikakatika. Mwanangu wa mwisho alikuwa ameketi nasi, anamenya karanga. Yeye hakuwahi kumwona mama yake. Anajua alikufa kwa uzazi, basi. Mengine sikumwambia.

Kwenyewe ni pale shambani kwangu, ukingoni mwa mbuga. Mke wangu aliniambia, "Kile kichaka cha mama kiache." Nikamjibu dawa ziko dukani. Nikafyeka, nikachoma, miti nikaikata iwe kuni za bani la kukaushia tumbaku. Msimu wa pili akajifungua, damu ikakataa kusimama. Mama alikimbia na jembe. Alirudi na udongo mikononi, udongo mtupu, akanitazama. Mke wangu akafa. Sijui kama mizizi ingemwokoa. Ningejua haingemwokoa, ningelala. Nikipita kona ile mpaka leo nasikia mtu anachimba kwa haraka.

Ningeweza kumwambia binti sikumbuki. Mzee akisahau nani atamlaumu?

"Andika," nikasema, "ulikuwa shambani kwangu. Niliufyeka mimi, nikiambiwa niache. Ulikuwa wa kuzuia damu ya uzazi. Mke wangu alipouhitaji haukuwepo."

"Babu, hayo ya mwisho si lazima..."

"Andika! Si mnataka ukweli?"

Akaandika. Karanga zilikuwa zimeacha kulia kwenye ungo. Mwanangu aliinuka, akamwomba binti kishikwambi, akakishika kwa mikono miwili akilitazama lile jani.

"Ndio huu, baba?"

"Ndio huo."

Mimi hakunitazama.