Kadi ya Kigoda

Siku hizi ukitaka bango la duka hapa Nakuru unaenda kwa kijana mwenye kompyuta, unamtajia jina lako, na kabla hujamaliza soda bango limeshatoka. Herufi zote zimenyooka, na hakuna hata moja yenye uhai. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwona mtu juu ya ngazi, brashi mkononi, akivuta mkia wa herufi R. Khaemba aliuvuta mkia ule kwa pumzi moja. Naandika habari zake kwa sababu sioni mwingine atakayeziandika, na kwa sababu kuna jambo alilolifanya mwaka 1978 ambalo nikilikumbuka bado linanipandisha hasira.

Alitoka upande wa Bungoma mwaka 1956 akaajiriwa reli, kupaka namba kwenye mabehewa. Kusoma hakujua. Herufi alizijua kama sura kwanza, kama mtu anavyojua sura za ng'ombe wake, halafu baadaye ndipo akaja kujua zinasema nini. Mimi nilikuwa stoo, natoa rangi na mafuta ya taa, na nilijifunza kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa misumari. Ndiyo maana tukapatana. Alipoacha reli akawa mchora mabango, na baadaye tukapanga vyumba vilivyopakana kule Kaptembwo, wakati bado kulikuwa na mahindi mengi kuliko mabati.

Mwaka 1966 baba yake alifariki. Habari zilimfikia akiwa juu ya ngazi, anachora bango la hoteli moja, na akasema atamaliza kwanza. Alimaliza siku ya tatu. Lilikuwa bango zuri sana. Alipofika nyumbani, mzee ameshazikwa na vitu vyake vimeshagawiwa.

Hapo lazima nieleze, maana vijana wa leo hugawana vitu vya marehemu kwa wakili na kwa ngumi. Kwa kina Khaemba, mtu akifa vitu vyake haviguswi mpaka siku ya kikao. Mmoja anaongoza. Kila kitu kinatolewa mbele ya watu, kinasemewa kilikopitia na mikono iliyokishika, halafu linatajwa jina la atakayekichukua. Likishatajwa limetajwa. Na anayeongoza hapati kitu hata kimoja, ili asije mtu akasema alijipendelea.

Khaemba alikuwa akikitaka kitu kimoja tu: kigoda cha baba yake, cha miguu mitatu, mguu mmoja umeshonwa kwa waya wa shaba. Kikatajwa jina la binamu wa mzee, ambaye alihamia nacho Uganda, na huko wakapotea, yeye na kigoda chenyewe. Khaemba hakuwahi kulaumu kikao. Alijilaumu yeye na bango lake.

Sasa mwaka 1977 akarudi Lalit, mtoto wa Ishwarlal mwenye duka la vitabu na karatasi, aliyekuwa amesoma Uingereza. Alirudi na nywele zinazofunika masikio, kitabu chembamba cha Kiingereza, na dadu za ajabu, moja ina pande ishirini. Ulikuwa mchezo wa kujifanya. Mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anajifanya mtu fulani, mpiganaji au mganga, na wote wanaingia mapangoni kutafuta hazina. Dadu ndizo zinaamua kama umempiga adui au umemkosa. Mapango ya kitabu yalikuwa ya Ulaya, lakini Lalit aliyahamishia Menengai, lile shimo la volkano juu ya mji wetu, na hapo hata mimi nikaanza kuyaona.

Hazina iliyopatikana iliandikwa tu kwenye karatasi: upanga mmoja, pete mbili. Lalit hakuridhika. Alitaka watu waione. Akamwita Khaemba.

"Fundi, nataka kadi za manila, ndogo ndogo hivi. Upanga, pete, taji. Kama hamsini. Nyuma mimi nitaandika kila kitu inafanya kazi gani."

"Upanga wa nani?" Khaemba akauliza.

"Wa nani vipi? Iko tu ndani ya pango."

"Ilitembea ikafika huko? Kuna mtu aliibeba."

"Fundi, chora upanga tu!"

"Upanga tu hata mtoto anaweza kukuchorea. Usinisumbue."

Lakini manila alizichukua. Baada ya wiki mbili akarudisha za kwanza kwenye kopo la biskuti. Upanga ulikuwa na mpini uliofungwa kitambaa, kwa sababu, alisema, aliyeushika alikuwa na kidonda kiganjani. Pete ilikuwa na alama ya meno. Lalit alitaka kulalamika kwamba pete ya uchawi haiwezi kuwa na meno, lakini Jasvinder akaikamata kwanza. Jasvinder alikuwa binti wa Balbir mwenye gereji, msichana wa miaka ishirini aliyekuwa akisimama kaunta ya vipuri na kubishana na madereva wa malori mpaka wanyamaze.

"Huyu alikuwa maskini," akasema. "Tajiri haumi pete yake kuijaribu. Alikuwa nani?"

Jumapili hiyo joka aliloliandaa Lalit lililala njaa pangoni. Walishinda mchana wote wakimtafuta maskini wa pete. Lalit alikasirika, halafu akafurahi, halafu akamwambia Khaemba avute kiti na yeye acheze. Jasvinder alikuwa mganga; Khaemba akawa mhunzi. Mimi niliitwa kumsomea kitabu, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa cha mabango. Wa nne alikuwa mwalimu Ndung'u wa shule ya msingi, mtu wa kelele nyingi, ambaye mpiganaji wake hakuogopa kitu wala hakufikiria kitu.

Tulikaa chumba cha nyuma cha duka, Jumapili mchana, kati ya marobota ya madaftari. Mama Lalit alileta chai na chevda, ule mchanganyiko wao wa dengu na karanga wenye pilipili. Sijawahi tena kukaa na watu wa namna ile, Mhindu, Kalasinga, Mkikuyu, Mluhya, bila mtu kuuliza mwenzake anatoka wapi.

Kadi ya arobaini na moja ilikuwa kigoda. Truphosa, mke wa Khaemba, aliniambia mumewe alikipaka mara nne na kila mara aliwafukuza watoto. Nilipoiona sikuuliza. Waya wa shaba ulikuwa unang'aa pale mguuni, na katikati ya kiti mbao ilikuwa imelainika kwa kukaliwa. Nyuma, Khaemba alimwambia Lalit aandike: Anayekikalia hadanganywi.

"Hii iweke pembeni," nikamwambia. "Jipe."

"Kadi zinachotwa kwenye kopo bila kutazama. Ndiyo sheria. Itakuja."

Haikuja. Jumapili saba mfululizo aliingiza mkono kwenye kopo, na kila mara nilimwona akipapasa kama mtu anayetafuta chumvi gizani. Alipata kofia. Alipata kamba. Jumapili ya nane Ndung'u akachota kigoda, akacheka.

"Mimi nimeingia kwa mashetani nitafute dhahabu, napewa stuli?"

Khaemba akampa ngao yake abadilishe. Ndung'u akaona jinsi mzee anavyoitaka, na utani ukampanda kichwani. "Aa, wapi! Mtu mzima kama mimi nikae chini?" Khaemba akaongeza kamba na punda. Ndung'u akakataa punda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa hajui tu, na Khaemba hakutaka kumwambia.

Ikafika Jumapili moja ya Julai, 1978. Mpiganaji wa Ndung'u akatangulia chini ya mwamba bila kuangalia juu, kama kawaida yake. Lalit akarusha dadu. Akazitazama, akarusha tena, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, umekufa."

"Nimekufa vipi? Mara moja hivyo?"

"Mwamba umekuangukia mzima mzima."

Ndung'u akaweka kadi zake tisa mezani. Lalit akafungua kitabu, akanipa nisome, nami nikasoma kwa sauti: mwenzake aliye karibu na maiti ndiye anayechukua vitu.

"Nani alikuwa karibu?" Lalit akauliza, halafu akatabasamu. "Fundi. Mhunzi alikuwa ameshika kamba yake. Chukua, fundi. Zote zako."

Nilishusha pumzi kana kwamba ni mimi niliyepewa. Kigoda kilikuwa juu kabisa. Khaemba akanyoosha mkono, kidole kikagusa ukingo wa kadi. Halafu akaurudisha mkono magotini.

"Hapana," akasema. "Mtu amekufa. Hatuwezi kuchukua vitu vyake hivyo hivyo, kama mbwa."

"Lakini fundi, kitabu..."

"Kitabu hakina wazee?"

Akaeleza kikao ni nini. Jasvinder akasema ni vizuri, tufanye. Lalit akasema sawa, lakini nani ataongoza? Wakatazamana. Nilimpiga Khaemba teke chini ya meza.

"Unanipigia teke la nini?" akaniuliza mbele ya watu wote.

Akasimama, akavua kofia. Ndiyo, alikuwa ameshaanza kuongoza, yule mjinga.

"Na mimi nikae wapi?" Ndung'u akauliza. "Mimi ndiye maiti, na hata chai sijapewa."

"Marehemu anyamaze," Khaemba akasema, na wote tukacheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka katika chumba kile.

Akazitoa kadi moja moja. Upanga akausemea mpaka tukamwona yule mtu wa kidonda, akampa Lalit, kwa kuwa msimulizi pia alikuwa amemjua marehemu. Taa akanipa mimi. Mkuki, taji na nyinginezo akazitolea majina. Kilipobaki kigoda akakishika kwa mikono miwili. Kisha akasema kigoda hiki kilichongwa na mtu aliyekuwa na ng'ombe wawili na maneno machache. Mguu ulivunjika siku ya harusi ya binti yake, akaushona mwenyewe, wageni wakiwa bado wanacheza. Alikikalia kila jioni, akisubiri watoto wake waliokuwa kazini mbali.

"Tangu siku ya kwanza," akasema, "nani alimfunga marehemu vidonda? Nani alimpa blanketi lake kule kwenye baridi? Ni mganga. Kigoda ni cha Jasvinder."

Sikuweza kukaa. "Khaemba! Na wewe je?"

"Mimi naongoza."

"Basi mwingine aongoze!"

"Nani? Wewe unajua?"

Sikujua. Nilikuwa nimesoma kila karatasi iliyofungiwa misumari katika stoo ya reli, na hilo sikulijua. Ndung'u naye alikuwa ameacha kutabasamu. "Mzee," akasema polepole, "ungeniambia ile siku ya punda."

Jasvinder akaisukuma kadi mezani. "Mzee Khaemba, chukua wewe. Kwani mimi nitafanyia nini? Naona kabisa ni yako."

"Jina limeshatajwa, binti yangu."

"Lakini huu ni mchezo tu!"

"Kama ni mchezo tu, kila Jumapili tunakuja hapa kufanya nini?"

Jasvinder akaitia kadi ndani ya daftari lake, taratibu, kama mtu anayebeba yai.

Njiani kurudi Kaptembwo nilimfokea mpaka tukavuka reli. Nilimwambia alipewa bure, kwa kitabu, mbele ya mashahidi. Nilimwambia amejinyima mara mbili, mara ya kwanza kwa bango na mara ya pili kwa adabu. Alitembea tu, mikono mgongoni.

"Ningekichukua vile," akasema mwishoni, "ningekuwa nimekiiba kwa baba."

Mwaka uliofuata Balbir aliuza gereji, familia ikafungasha kwenda Kanada. Siku mbili kabla ya safari, Jasvinder alifika Kaptembwo akamkuta Truphosa peke yake, akamwachia bahasha. Khaemba alipotoka kazini akaifungua, akaitazama kadi, kisha akavaa koti akaenda kwa miguu mpaka kwa Balbir na kuirudisha. Truphosa alinisimulia akiwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi.

"Amerudisha! Msichana wa watu amekuja mpaka hapa kwa matope, na yeye amerudisha! Baba yake mwenyewe angemchapa!"

Nami nilisema hivyo hivyo, na ninasema hivyo hivyo mpaka leo, ingawa siku hizi ninaposema sauti yangu haina nguvu kama zamani. Wakati mwingine nawaona watu wakigombania shamba la marehemu, maua kaburini bado mabichi, na namkumbuka yule mtu akiurudisha mkono wake magotini.

Mchezo haukudumu. Ndung'u alihamishiwa shule ya Gilgil. Lalit aliletewa kadi kutoka ng'ambo, zilizopigwa chapa, zinateleza kama sahani, panga zote mpya na hazijawahi kushikwa na mtu. Kopo la biskuti likapandishwa juu ya rafu, na duka lilipouzwa sijui lilitupwa wapi. Nilienda kuuliza mara mbili. Mara ya pili yule mwenye duka mpya aliniuliza kama natafuta biskuti.

Mwaka huo huo wa 1979, Jasvinder akiwa ameshaondoka, nilimkuta Khaemba kazini, karibu na soko, anachora bango la kinyozi. Nikamwambia lile lililokuwa likinikereketa: mkono ni wako, rangi ni yako, manila naweza kununua mimi. Chora kigoda kingine.

Akateremka ngazi, akaifuta brashi.

"Nikikichora," akasema, "nani atakuwa amenipa?"

Akageuza debe tupu la rangi, akalikalia, akaanza kuchanganya nyekundu.