Mume wa Dada na Vipaza Sauti Vyake

Shemeji yangu, tuliyemwita Domo, alikuwa akikodisha vipaza sauti. Mwaka ule rais alifariki, uchaguzi ukafanyika, na mshindi hata hajakizoea kiti, wanajeshi wakampindua. Sote tulikuwa roho juu. Domo alinenepa.

Kwenye maombolezo alilia mpaka kamasi zikamtoka, ilhali marehemu ndiye aliyemfunga kaka yake. Kwenye kampeni alivaa fulana ya chama hiki asubuhi, ya kile jioni. Wanajeshi walipoingia, alipanda juu ya gari lake akawapigia saluti, kwa mkono wa kushoto.

Dada alimezea yote hayo, akiendesha cherehani yake sebuleni. Kisha walimu wakagoma, binti yao akiwa miongoni mwao. Domo akapewa kazi ya kutangaza mitaani kwamba wagomaji ni wasaliti. Alipita na tangazo hilo hadi mbele ya nyumba yake mwenyewe.

Dada alitoka na mkasi wa kukatia vitambaa, akakata waya.

"Unamwita mwanangu msaliti?"

"Mama watoto, hii ni kazi tu!"

"Basi kalale huko kazini."

Alilala garini wiki nzima, akinuka jasho, majirani wakimcheka waziwazi. Mwishowe Dada alimruhusu kurudi, lakini stoo ndiyo ikawa chumba chake cha kulala.

Walimu walisharudi kazini. Binti yake humwamkia kwa adabu zote, kama anavyomwamkia mpangaji.