Jina la Watoto Watatu

Sikuwa na homa siku ile, wala sikuonja pombe, wala mimi si mtu wa kuota mchana. Ninayoyasimulia yalinikuta Guangzhou, saa tisa alasiri, katika soko la vitambaa la Zhongda, watu wakiwa wamejaa tele. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana mbele huko hakuna cha kuchekesha.

Mimi ni mfanyabiashara wa Kalemie, mji wa kando ya ziwa. Nilikuwa nimekwenda kununua vitambaa, na nyumbani nilimwacha mke wa mwanangu mja mzito. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika. Basi hii ya tatu tuliibeba sote, hata mimi niliyekuwa ng'ambo nilikuwa nikilala nimekumbatia simu.

Kwetu bibi ndiye hutoa jina, nami nilitaka jina zito. Baba yake babu yangu alikuwa Mzungu wa Denmark, nahodha wa meli ziwani. Alituachia picha moja tu, sikio lake la kushoto limekatika ncha, na nyuma ya picha pameandikwa: Rasmus, pamoja na mwaka na kijiji alikozaliwa.

Pale Guangzhou nilipanga chumba jirani na Hamisi, mwanafunzi wa Tanga, kijana wa shikamoo nyingi. Nikamwomba anitafutie asili ya mtu huyu. Kumbe vitabu vya makanisa ya Denmark vimo kwenye mtandao! Siku ya tatu akaniita.

"Mama, watu hawa zamani hawakuwa na jina la ukoo. Baba akiitwa Rasmus, mwanawe ni Rasmussen, yaani mwana wa Rasmus. Na mtoto akifa, anayezaliwa baada yake hupewa jina lile lile."

Akanionyesha. Rasmus wa kwanza aliishi wiki mbili. Wa pili, mwaka mmoja. Wa tatu, miezi minne. Wa nne ndiye nahodha wetu.

"Jina kichwa ngumu hili," nikasema, nikacheka. Nilicheka, ndiyo. Jioni ile nikamtumia mwanangu ujumbe wa sauti: akiwa wa kiume, ni Rasmus.

Hapo ndipo nilipokosea. Marehemu mama yangu alituonya, jina halitamkwi kabla mtoto hajalia. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini kiburi cha kuwa na babu aliyeandikwa kitabuni kilinipanda kichwani, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kesho yake nikaenda Zhongda. Nilikuwa napapasa kitambaa cha maua, nikamwona mwanamume kati ya majora. Amevaa koti zito la sufu kwenye joto lile la Guangzhou, na hana hata tone la jasho. Laoban, yule mama Mchina mwenye duka, akaja na jora begani akalitua pale pale aliposimama yule mtu, kana kwamba hapakuwa na mtu. Niamini, jora lilisimama ndani yake na yeye akabaki amesimama.

Akageuka. Sikio la kushoto halina ncha.

Akasema nami kwa Kiswahili cha kwetu, kile cha wazee, "ba" badala ya "wa":

"Mama, ile jina haiko yangu. Iko ya bale batatu banatangulia. Maisha yangu yote banaifwata. Usipatie mutoto."

Nikampigia mwanangu simu. Haikupokewa. Nikapiga tena, na tena. Laoban akaniletea kigoda na maji ya moto ya kunywa, nikamsukuma, Mungu anisamehe. Mara ya saba mwanangu akapokea, analia.

"Mama, ametoka. Wa kiume. Lakini halii! Docteur anamupiga-piga, halii!"

"Ile jina niliyotuma, nimeifuta! Weka simu kwa sikio yake!"

"Mama…"

"Weka!"

Nikafumba macho. Nikalitafuta jina ambalo kwetu hajawahi kulibeba mtu, wala mzima wala maiti. Nikasema, "Amani. Mujukuu wangu, wewe ni Amani. Hakuna mwengine mbele yako. Wewe ni wa kwanza."

Kimya. Unajua kimya cha simu, kile unachodhani mtandao umekatika? Nilikaa ndani yake nikamwomba Mungu achukue vitambaa, achukue duka, anichukue na mimi mwenyewe.

Kisha akalia.

Nilipofumbua macho, kati ya majora yule mtu hakuwapo.

Amani sasa ana miaka minne, mzima, mtundu kupita kiasi. Ila kila anapokula hutenga matonge matatu pembeni mwa sahani, na hakuna aliyemfundisha. Mama yake akitaka kuyaondoa, humzuia mkono: "Bado hawajakula." Sisi hatumuulizi ni akina nani. Mimi sasa silali kabla sijaenda kusikiliza pumzi zake.

Ile picha nimeifunga kwenye sanduku. Wewe unayetafuta mababu, watafute, si dhambi. Lakini usimpe mtoto jina la maiti kwa sababu tu linapendeza. Uliza kwanza lilikuwa la nani, na kama mwenyewe ameacha kulidai.