Jumamosi Pijo Ilipokataa Kwenda Tunduma

Petroli ikimiminwa kwenye beseni la bati asubuhi ya ukungu, harufu yake haipandi juu kama moshi. Hutambaa chini, hupita chini ya mlango, huingia ndani ya blanketi, na mtoto aliyelala huamka akijua kwamba baba yake ameshaifungua kabureta tena. Ndivyo nilivyokuwa nikiamka mwaka ule niliokuwa darasa la tatu, nyumbani kwetu nje kidogo ya Tukuyu, kwenye njia ya kwenda Isongole. Uani ningemkuta baba amechuchumaa kando ya Pijo 404, gari kuukuu aliloachiwa na daktari mmoja mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Mama alikuwa akimshikia beseni, uso ameugeuza kukwepa mvuke. Baba alinifundisha jina la kipande kimoja tu: jeti, kijishaba kidogo kuliko punje ya hindi, chenye tundu jembamba la kupitisha petroli. “Hiki kikiziba au kikipotea, Lugano,” aliniambia, “gari zima linageuka banda la kuku.”

Kabureta ile ilikuwa imechakaa. Fundi Salehe wa Bulyaga, ambaye babu yake alikuja kutoka pwani kushona viatu na hakurudi tena, alitushikisha ubaya wake kwa vidole: tundu linaloshika kile kisahani cha kufungulia hewa lilikuwa limelika hadi likawa na umbo la yai, na hewa ilipenya pasipotakiwa. Ndiyo maana Pijo ilitetemeka ikisimama, ikakohoa mlimani, na kuzima kila mvua iliponyesha. Na Tukuyu mvua haina siku yake. Fundi alitaka kuchonga bushi ya shaba, pete ya kuvisha ndani, na kulibana tundu lile. Lakini hizo zilikuwa zama za ruksa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yalijaa sabuni za rangi na redio, mitumba ikatandazwa sokoni, na kila mtu akasema hakuna haja ya kutengeneza cha zamani wakati vipya vinakuja. Kiwanda cha chai ambako baba alikuwa akiendesha lori kilikuwa kimepunguza watu, naye akiwa mmoja wao.

Ndipo baba mkubwa alipokuja kutoka Mbeya na kabureta nyingine ndani ya mfuko wa nailoni. Yeye ndiye aliyemlea baba baada ya babu kufa. Alimpeleka shule, akamsimamia hata kuoa. Mbele yake baba aliketi kwenye ukingo wa kiti. Baba mkubwa alikuwa na mpango: Pijo ifungwe kabureta hiyo, baba aende akaishi Tunduma, awe anachukua bidhaa mpakani na kuzileta Mbeya. “Wenzetu wanatajirika, sisi tunafua kabureta,” alisema. Baba akajibu, “Sawa, kaka.” Fundi Salehe alipokuwa akiifunga alinong'ona tu, “Usiache mbachao kwa msala upitao,” na sikujua alikuwa akiiambia kabureta au baba.

Injini ikawaka. Haikukohoa tena, ilinguruma polepole kama paka aliyeshiba. Nilidhani nyumba itafurahi. Badala yake baba aliacha kula vizuri, mama akawa anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, na mimi sikuelewa inakuwaje kitu kikipona watu wanaugua.

Siku ya safari ilikuwa Jumamosi. Alfajiri nilitoka kwenda chooni, na kupitia migomba nikaona boneti ya Pijo imeinuliwa. Mama alikuwa amesimama kando yake. Mkononi alishika kitu kidogo kilichong'aa kwa rangi ya shaba, akakifunga kwenye pindo la kanga yake, fundo mara mbili, akaingia jikoni. Nilisimama palepale mpaka umande ukanilowesha miguu. Mama yangu, aliyeniambia kila siku kwamba mwizi ni mwizi hata akiiba sindano, alikuwa ameiba jeti ya baba.

Baba mkubwa alifika asubuhi na mabegi. Baba akawasha, injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika. Akawasha tena mpaka betri ikachoka. Watu wa jirani wakasukuma, wapi. Fundi Salehe akaitwa. Akatandika gunia, akaifungua kabureta kipande kwa kipande, nami nikiwa nimechuchumaa karibu kiasi cha kuona tundu la jeti likiwa wazi. Fundi naye aliliona. Akaweka dole gumba juu yake.

“Hii nayo imekwisha,” alisema. “Heri ile ya zamani, niichongee bushi. Nipeni wiki mbili.”

“Jana si iliwaka?” baba mkubwa aliuliza.

“Jana ni jana, mzee. Mashine haili kiapo.”

Baba mkubwa hakuwa mjinga. Aligeuka akanitazama. “Lugano, wewe unaamka mapema. Nani amegusa gari hili?”

Baba alikuwa upande wake wa kulia, mama mlangoni. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama ulioungua kwa uji. Nikisema kweli, mama ataaibika mbele ya shemeji yake. Nikinyamaza, nitakuwa nimemsaliti baba. Nilisema, “Sikuona mtu, baba mkubwa.”

Alipanda basi la Mbeya mchana uleule, amekasirika, na mwezi haukuisha kabla hajapata dereva mwingine mwenye gari. Alipokwisha kuondoka, baba aliniwekea kiganja kichwani na kukiacha hapo muda mrefu. Jioni akaniletea skonzi, mimi peke yangu, mdogo wangu akilia. Nilimdanganya, naye ananizawadia!

Fundi aliitengeneza kabureta ya zamani kwa shaba ya koki mbovu ya bomba. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Pijo ikatetemeka kama zamani, lakini ilitosha kubeba viazi vya Isongole hadi sokoni Tukuyu, na kazi hiyo ndiyo iliyotulea. Baba mkubwa alijenga Mbeya, watoto wake wakasoma mbali. Kila nilipomwona baba amesimama akitazama malori yakipita, nilimlaumu mama moyoni. Nilikua nikiwa mpole kwa baba na mkavu kwa mama. Hata ukubwani, nilipopiga simu nyumbani, nilikuwa nikimsalimia harakaharaka, kama mtu anayedaiwa kusema jambo.

Baba alipofariki na matanga yakaanuliwa, nilimuuliza mama hatimaye kwa nini aliiba jeti. Alinitazama kana kwamba nimezungumza Kizungu. Kisha akacheka mpaka akashika ubavu.

“Mimi niifungue kwa spana ipi? Baba yako ndiye aliyeitoa. Alikuwa ameinama upande wa pili wa boneti. Akanipa nimfichie, kwa sababu angepekuliwa mifuko na kaka yake.”

“Kwa nini hakukataa tu?”

“Hakutaka kutuacha, lakini amkatae aliyemlea? Kwa mdomo upi? Fundi ndiye aliyemwonyesha kipi cha kutoa.” Akafuta macho. “Na wewe uliposema hukuona mtu, baba yako aliniambia, huyu mtoto ametuona wote wawili, na amenitunzia aibu yangu. Alikupenda kwa hilo mpaka anakufa.”

Siku hizi mdogo wangu hukataa maombi ya ukoo kwa ujumbe wa simu, maneno mawili, na hakuna anayeugua. Gari langu halina kabureta. Likigoma, kijana wa gereji huchomeka waya na kioo kikamwambia ugonjwa. Sijui kama ni bora. Najua tu kwamba baba alinipenda kwa siri ambayo sikuijua, na mama akavumilia ukavu wangu bila kujua kosa lake. Nilimwomba radhi siku ile. Akaniuliza, “Ya nini tena, mwanangu?” nikajaribu kueleza, nikashindwa pa kuanzia, akainuka kwenda kunipikia chai.