Mahali Mkono Ulipobadilika

Mwanzoni mkeka ule ulinikera. Nilikuwa nimepangiwa kumhudumia bibi mmoja wa Kiingereza huko Wembley, kumwogesha na kumpa dawa zake, na siku ya kwanza tu nikaukuta umetundikwa ukutani sebuleni. Kwetu Pemba mkeka hukaliwa, hulaliwa, huswaliwa juu yake. Kuutundika ni kuuachisha kazi.

Bibi akaniambia umesukwa na wanawake wa Kituareg kule jangwani, ambako marehemu mumewe alikuwa akichimba visima. Nikausogelea, maana mtoto wa msuka mikeka hapiti mkeka bila kuugusa. Mabua membamba ya nyasi yamelazwa sambamba, na nyuzi za ngozi nyeusi na nyekundu zimepita juu na chini yake zikachora pembetatu. Ulinuka ngozi, lakini mimi nilisikia harufu ya ukindu, yale majani aliyosukia mama, nikatamani nyumbani.

Mama alifariki hajamaliza ukili wake, ule ukanda mrefu unaosukwa kwanza, kisha kanda zikaunganishwa ziwe mkeka. Nilikuja nao London pamoja na fungu la ukindu uliobaki, nikautia kwenye sanduku chini ya kitanda. Miaka sita sijaugusa. Utotoni nikijaribu kusuka ukili wake, alifumua kila nilichosuka.

"Mkono wako umelegea, mwanangu," alikuwa akisema. "Utaonekana."

Basi niliogopa kuonekana. Na huku ukindu unazidi kukauka, nikijua utafika wakati hautasukika tena, na kazi ya mama iishie pale pale.

Juzi kidonge cha bibi kiliviringika nyuma ya kabati. Nilipolivuta, nikaona pembe ya chini ya mkeka ambayo sikuwahi kuiona. Ngozi iliyokazwa vizuri kwingine kote, hapo ilikuwa imelegea ghafla, pembetatu zimepanuka, moja imeenda upande kabisa.

"Hapo ndipo palipoharibika," bibi akasema kwa aibu. "Tuliweka kabati wageni wasipaone."

"Hapajaharibika, bibi. Mtu mwingine alipokea kazi akaimalizia."

Alijisogeza akapagusa kwa kidole. Kisha akaniambia, "Usilirudishe kabati, mpenzi."

Nilipofika nyumbani nilivuta sanduku hata koti sijavua. Nikaulowesha ukindu, nikauviringisha kwenye taulo mpaka ukalainika kiasi. Miyaa mitatu ya kwanza, vile vipande vyembamba vya ukindu, ilikatika mkononi, nikalia kidogo, nikaendelea.

Nimesuka shubiri moja. Usukaji wangu umelegea, tena sana, na yeyote anayejua kusuka atapaona mahali mama alipoishia. Nimeushika ukili mapajani nikitamani, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, mama aje aufumue.